Uimara wa Nguo Haumo Katika Mabaka Yake

Imeenea dhana miongoni mwa vijana wetu kwamba nguo yenye mabaka ya kijeshi ni nguo isiyoraruka. Kwa ajili ya dhana hiyo, wanafunzi, na hata baadhi ya walimu, huzigombea suruali na makoti ya namna hiyo katika marundo ya mitumba kana kwamba rangi ndiyo iliyoushika uzi. Nakusudia kuipinga dhana hiyo kwa sababu mbili ambazo ni nadra kutajwa kwa pamoja: moja ni ya kitambaa, ya pili ni ya sheria. Iko na ya tatu, ambayo ni ya taaluma yangu, yaani ya maneno, nayo nitaichomeka humo humo maana haitengeki na hizo mbili.

Jambo lenyewe lilinifikia kwa njia ya mchezo. Wanafunzi wangu wawili, wote wazaliwa wa sehemu za Keroka, waliniuliza likizoni ni nguo gani ya mabaka itakayowafaa na kudumu kwa mchezo uitwao easofti. Kwa faida ya msomaji asiyeujua, mchezo huu ulianzia Japani katika miaka ya 1970. Wachezaji hugawanyika makundi mawili, wakajificha vichakani au katika majengo matupu, kisha wakalengana kwa bunduki za bandia zinazorusha vitembe vya plastiki vyenye kipenyo cha milimita 6. Aliyepigwa hukiri mwenyewe na kutoka uwanjani. Ni mchezo unaotegemea uaminifu, jambo ambalo mimi binafsi nalipenda. Humu nchini haujaenea. Kinachojulikana zaidi ni ndugu yake, peintiboli, unaotumia vitembe vya rangi na ambao huchezwa Nairobi na penginepo penye watalii. Lakini vijana wameuona katika simu zao, na waliouona hawataki kuucheza kwa kaptura za michezo. Wanataka kufanana na wale waliowaona.

Neno hilo, kufanana, ndilo lenye mzigo wote wa makala haya.

Tuanze na majina. Muuza mitumba wa Keroka akikunyoshea suruali ya mabaka, atakuambia ni "jangol". Ukivuka mpaka kwenda Tanzania utaisikia ikiitwa kombati, na wengine watasema gwanda au magwanda, ingawa gwanda laweza pia kuwa la rangi moja. Magazeti yetu huandika mavazi ya mabakamabaka, mavazi ya kijeshi, au sare za kiaskari, kana kwamba hayo yote ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Jangol ni neno la Kiingereza lililotoka Kihindi, ambako asili yake ilikuwa ardhi kame isiyolimwa kabla ya kuwa msitu. Kaki nayo ilipitia huko huko Bara Hindi: asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni rangi ya vumbi. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India waliianza katika miaka ya 1840 walipotambua kwamba koti jekundu linampendeza mpiga bunduki wa upande wa pili. Mabaka yalichelewa. Mnamo 1915 jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha wachoraji wa kuficha mizinga na mahandaki kwa rangi, na kutoka huko ndipo dunia ilipopata neno la Kifaransa ambalo hadi leo Kiswahili hakijalipatia mwenzi aliyekubaliwa na wote. Mimi hutumia "mavazi ya mabaka", kwa kuwa baka ni alama isiyo na umbo maalumu, nasi tayari husema mabaka ya ngozi. Walimu wenzangu wakipata bora zaidi nitalipokea.

Neno "sare" ndilo hasa nililotaka kulifikia. Waswahili husema timu zimetoka sare, yaani zimelingana. Wanawake wakishona nguo za kitambaa kimoja kwa ajili ya harusi, hiyo nayo ni sare. Kiini cha neno basi ni ulinganifu. Sasa itazame sheria yetu. Sheria ya Makosa ya Jinai, Sura ya 63, iliyoanza kutumika mwaka 1930 chini ya Mwingereza na ambayo tungali nayo, inamkataza mtu asiyekuwa mwanajeshi kuvaa sare ya jeshi. Haikomei hapo. Inakataza pia vazi lolote lenye sura ya sare hiyo au lenye alama zinazoitambulisha. Kwa Kiswahili changu, imeharamisha sare, na kisha ikaharamisha kinachotoka sare na sare.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Keroka anaponaswa. Yeye hakununua sare. Alinunua suruali iliyotoka Ulaya, pengine ya jeshi lililokwisha kuibadilisha, pengine ya kiwanda cha mitindo kisichojua bunduki kabisa. Mabaka ya majani yaliyovaliwa na majeshi ya Marekani tangu 1981, yale ya Uingereza ambayo yalianza kuondolewa mwaka 2010, na yale ya vitone vitone ya Ujerumani, yote hukutana katika rundo moja kando ya barabara ya Kisii kwenda Sotik. Je, suruali ya vitone ya Mjerumani ina "sura" ya sare ya mwanajeshi wa Kenya? Mwanaisimu atasema la, mifumo ya alama ni tofauti. Askari anayekutana na kijana huyo saa mbili za usiku hana muda wa isimu. Ataona mabaka, basi. Na nikiwa mkweli simlaumu sana, maana taarifa za majambazi waliovalia kiaskari tumezisoma mara nyingi, na raia anayesimamishwa njiani na mtu wa mabaka hana njia ya kujua kama ni halali au ni mporaji.

Sisi wa Gusii hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa mifano ya mbali. Tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii. Wengi wa waliobeba bunduki pande zote mbili walikuwa Waafrika walioitwa kwa neno moja, askari, na rangi iliyotawala pande zote mbili ilikuwa kaki. Mkulima aliyekuwa mlimani akitazama angemtambuaje wa nani ni nani? Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika mpaka wa Borabu na Sotik, mwendo mfupi tu kutoka Keroka, watu walikesha wakiuliza wanaokuja ni akina nani na wamevaa nini. Hata katika mambo madogo, mji wetu umekatwa na mpaka wa kaunti mbili, Kisii na Nyamira, na wachuuzi wake wanajua ilivyo kudaiwa ushuru na pande mbili. Katika mji wa aina hiyo, kumtambua mtu kwa vazi lake ni sehemu ya usalama wa kila siku.

Majirani wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2019 Uganda iliorodhesha rasmi mavazi yaliyo milki ya jeshi, na kofia nyekundu iliyokuwa alama ya wafuasi wa Bobi Wine ikawamo. Hapo, kwa maoni yangu, sheria ya sare ilitumiwa kuzima siasa, na mfano huo si wa kuigwa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yenye kufanana na ya jeshi. Barbados raia haruhusiwi mabaka hata ya waridi, na mtalii huvuliwa kofia yake uwanja wa ndege. Kenya, mnamo Septemba 2018, iliwavisha polisi wa kawaida sare ya buluu. Wananchi waliicheka rangi hiyo, nami nilicheka pia, lakini ilikuwa na faida moja: tangu hapo mabaka yamebaki kuwa alama ya vikosi vya silaha nzito zaidi. Anayeyavaa leo anasema jambo zito kuliko alilosema aliyeyavaa kabla ya mwaka huo.

Sasa nije kwenye kitambaa, maana wale vijana waliniuliza swali la haki nao wanastahili jibu. Nguo ya kutambaa vichakani inataka sifa gani?

Mabibi na mababu zetu walijua kuchagua nguo kwa mkono. Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliotoka pwani kuelekea bara walibeba merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, nacho kilipendwa kwa kuwa kilidumu kuliko vingine vilivyoshindana nacho. Hakikuwa na ua wala nakshi. Mnunuzi alikivuta, akakitazama dhidi ya jua, akakubali bei au akaondoka. Hiyo ndiyo elimu tuliyoipoteza tulipoanza kununua kwa macho ya televisheni.

Chukua suruali uliyochagua, uigeuze nje ndani. Upande wa nje ni maneno ya muuzaji, upande wa ndani ni maneno ya fundi. Tazama mshono wa ndani ya mapaja na wa makalioni, maana hapo ndipo suruali hufa kwanza. Mshono mzuri umekunjwa ukameza ncha zote za kitambaa, ukapitishwa uzi mara mbili au tatu sambamba. Ukiona ncha zimeachwa wazi na uzi mmoja tu, hata kama mabaka yake ni ya jenerali, iache. Tazama pembe za mifuko: pawe na mishono mifupi iliyobanwa kwa wingi ili mfuko using'oke. Tazama goti, kama limeongezwa kipande cha pili. Vifungo vikubwa vilivyoshonwa imara hushinda zipu, kwa sababu kifungo kikikatika utakishona mwenyewe usiku huo huo, lakini zipu iliyofa inamtaka fundi na fedha.

Halafu kitambaa chenyewe. Kipandishe kwenye mwanga. Ukiona miraba midogo midogo, kama karatasi ya hisabati, umepata ufumaji ambao ndani yake nyuzi nene hupitishwa kila baada ya milimita chache miongoni mwa nyuzi nyembamba. Kazi ya nyuzi hizo si urembo. Tundu likitokea, mpasuko hukimbia hadi kwenye uzi mnene na kusimama hapo. Aina nyingine ni ule ufumaji wa mistari ya mshazari kama wa jinzi, ambao husugulika vizuri zaidi ingawa mpasuko ukianza hauna wa kuuzuia. Kwa mtu atakayepiga magoti juu ya mawe na kupita penye miiba, ningechagua mshazari mzito kwa suruali na miraba kwa shati.

Pamba au nailoni? Hapa hali ya hewa ya kwetu ina neno. Keroka iko juu, baridi ya asubuhi ni kali, na mvua hunyesha karibu miezi yote. Pamba tupu ikilowa hukaa na maji, ikawa nzito, na katika majira ya mvua unaweza kuianika siku mbili ikiwa bado mbichi kiunoni. Nailoni tupu hukauka upesi na haichakai kwa kusuguliwa, lakini haipitishi jasho, hupiga kelele ya chakara chakara mtu anapotembea, na ikikaribia moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Majeshi mengi yamekubaliana na mchanganyiko wa nusu pamba na nusu nailoni, na kwa mvua zetu hata mchanganyiko wa pamba na poliesta unafaa. Kibandiko cha ndani kikiwa kimekatwa, chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo, nenda nao mbali na nguo za watu, uwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Nailoni na poliesta huyeyuka zikaacha kitone kigumu. Mwalimu wa kemia anaweza kulifanya hilo somo la nusu saa.

Rangi pia ijaribiwe: lowesha kitambaa cheupe, sugua ndani ya mfuko. Ikitoka nyingi, nguo hiyo itafifia kabla haijachakaa. Ukiinunua, ifue ikiwa imegeuzwa nje ndani, ianike kivulini, wala usiitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa kuwa hiyo hula nyuzi za pamba kimya kimya.

Msomaji atagundua kwamba katika yote hayo sijataja mabaka hata mara moja kama sifa. Hayaongezi uzi. Sababu inayotufanya tuyaamini ni kwamba nguo za jeshi zilishonwa vizuri kwa mkataba wa serikali, na mabaka yakapata sifa iliyokuwa ya mshono. Kisha viwanda vya mitindo vikaiba mabaka vikauacha mshono. Katika marundo ya leo, hizo za viwanda vya mitindo ndizo nyingi, nazo ni nguo nyepesi kuliko ovaroli ya makanika.

Lakini je, si yanasaidia kujificha? Kidogo. Mabaka hayo yalichorwa kwa misitu ya Ulaya au majangwa ya Uarabuni. Yapeleke penye majani chai, migomba na udongo wetu mwekundu, utaona yanavyokupigia tarumbeta. Tena kinachomfichua mwindwa kwa kawaida ni mwendo wake, umbo la kichwa na mabega yake, na mng'aro wa uso. Wengi husema kinyonga hubadili rangi apate kujificha. Wataalamu wa wanyama wanatueleza kwamba mara nyingi huibadili ili kuwasemesha vinyonga wenzake au kudhibiti joto la mwili. Salama yake ya kweli ni kwenda polepole. Mchezaji mwenye shati la kijani kilichokoza na suruali ya kahawia isiyo na baka hata moja, akitulia kwenye kivuli, atampita mwenye mabaka anayekimbia kimbia. Na nguo za namna hiyo hakuna askari atakayezisimamisha. Ovaroli au suruali ya kazi ya dengrizi hupatikana kwa urahisi, na fundi wa Keroka aweza kuongeza viraka vya magoti kwa gharama ndogo. Fedha itakayobaki inunue miwani ya kinga iliyoandikwa kuwa inahimili mapigo, kwa sababu kitembe cha plastiki hakiui mtu aliyevaa shati, lakini hupofua jicho.

Kuna wale watakaosema nawatisha watu bure, kwamba kila siku wanaona mabaka barabarani na hakuna anayekamatwa. Ni kweli. Sheria inayolala ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu huamshwa siku askari anapotaka kuiamsha, na huamshiwa kijana asiyekuwa na mtu wa kumpigia simu. Kibaya zaidi, imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakama. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haistahili basi kwamba mchuuzi anayelipa ushuru apewe leseni ya kuuza kitu ambacho mnunuzi wake aweza kushtakiwa kwa kukivaa, na wote wawili wasiwe wamewahi kuisoma sheria hiyo kwa lugha wanayoijua. Kaunti zetu mbili zingeanzia hapo, kwa tangazo la Kiswahili na la Ekegusii sokoni: hiki ni sare, hiki kinafanana na sare, hiki si kitu. Wakishindwa kuandika mpaka huo kwa lugha nyepesi, basi watakuwa wamekiri kwamba hawaujui.

Walimu wa drama wana swali lao, nalo nimeulizwa zaidi ya mara moja. Mchezo wa kuigiza wenye askari ndani yake ufanyweje? Sheria hiyo hiyo imeacha mlango: vazi la aina hiyo linaruhusiwa wakati wa maigizo ya jukwaani mahali panaporuhusiwa maigizo. Angalia, ni wakati wa maigizo. Mwigizaji aliyeketi kwenye matatu kutoka Keroka kuelekea kwenye tamasha, amevaa koti la mabaka kwa kuwa kuna baridi, hayuko jukwaani. Nguo zisafiri ndani ya mfuko, barua ya mkuu wa shule iwe juu yake, zivaliwe nyuma ya pazia na zivuliwe hapo hapo. Hata hivyo, mwelekezi mwenye ubunifu anaweza kumfanya mtu kuwa askari kwa mshipi, kofia ya kadibodi na namna ya kusimama.

Na wale waliokwisha nunua? Kutia rangi nyeusi ni njia rahisi, ila wajue kwamba rangi za kawaida za dukani hushika pamba na kukwepa nailoni, hivyo nguo ya mchanganyiko inaweza kutoka chunguni na mabaka yake yangali yakionekana kama kivuli. Wajaribu kwanza kwa kipande cha ndani ya mfuko. Kikigoma, fundi aifumue: kitambaa kizuri cha miraba hutoa mkoba wa vitabu wa kudumu miaka mingi, mabaka yakiwa upande wa ndani.